A Vision of Britain through Time: tovuti nzuri kwa historia ya Lancing, ukichagua eneo sahihi

Ukitaka kujua Lancing, kijiji kikubwa cha pwani huko West Sussex, kusini mwa Uingereza, kilivyojaa watu, anzia kwenye tovuti hii ya bure iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Portsmouth. Ina takwimu za sensa tangu 1801, ramani za zamani na maelezo ya vijiji yaliyoandikwa karne ya 19.

Wengi hupotea mapema. Ukitafuta Lancing unaonyeshwa pia wilaya ya sasa, Adur, yenye grafu ndefu ya kuvutia. Usiitumie. Adur iliundwa 1974, na Shoreham na Southwick zimo ndani yake; tarakimu za nyuma ya hapo ni makadirio yaliyopatikana kwa kugawa upya takwimu za mipaka ya kale. Fungua orodha ya maeneo ya kiutawala, chagua parokia ya kiserikali (civil parish, yaani eneo dogo la utawala, si la kanisa), ndipo utafute jumla ya watu. Idadi ikiruka ghafla, linganisha na ukubwa wa eneo kwa miaka hiyohiyo: huenda ni mpaka uliosogezwa, si watu waliohamia.

Kwa vijiji vya pwani, mwaka wa hatari ni 1921. Tishio la migomo liliahirisha sensa kutoka Aprili hadi 19 Juni, majira ya joto, na kila mtu alihesabiwa pale alipolala usiku ule, wageni wa mapumziko wakiwemo. Sensa ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, hivyo ongezeko la kati ya 1931 na 1951 huwezi kulipangia mwaka.

Ramani ndizo zinazonifanya niisifu tovuti hii kuliko nyingine. Zinaonyesha tambarare nyembamba kati ya vilima vya chaki vya South Downs na bahari, North Lancing ikiwa chini ya vilima, South Lancing upande wa ufuo, na reli ya 1845 ikipita katikati. Tazama matoleo ya miaka tofauti uone nyumba zikijaza pengo hilo.

Udhaifu wake ni takwimu za kazi: nyingi huishia ngazi ya wilaya, kwa hiyo mchango wa karakana ya mabehewa ya reli iliyokuwa Lancing, iliyofungwa 1965, hautauona kwenye jedwali la parokia. Kwa sensa za karibuni nenda Nomis, tovuti rasmi ya takwimu za sensa na ajira ya Uingereza, nayo ni bure.