Tathmini: filta ya dizeli ya bei ya juu kwa Hilux 5L, kutoka duka la spea la Nyakato

Katika duka moja la spea kando ya Barabara ya Nyerere, upande wa Nyakato jijini Mwanza, Hilux yenye injini ya 5L (jina la aina ya injini ya dizeli ya Toyota, si lita tano) ina filta za dizeli za aina mbili: ya bei nafuu, ambayo muuzaji huitoa kwanza bila kuulizwa, na ya Kijapani, ambayo huiteremsha kutoka rafu ya juu mteja akisisitiza, na ambayo bei yake inakaribia mara tatu ya ile ya kwanza. Nimezitumia zote mbili katika gari lile lile, nikizifunga mwenyewe nyumbani, na ninayoitathmini hapa ni hii ya bei ya juu. Ubora wa uchujaji sina namna ya kuupima, na mnunuzi wa kawaida pia hana. Anachoweza kukihukumu ni pale filta inapokutana na kichwa chake, yaani kipande cha juu inapofungwa, na kwa injini hii hapo ndipo penye mambo.

Injini ya 5L, yenye sentimita za ujazo 2,986, haitegemei pampu ya umeme ndani ya tenki. Pampu ya dizeli iliyofungwa kwenye injini ndiyo inayofyonza mafuta kutoka tenki, na filta iko njiani, upande wa kufyonza. Kwa hiyo mpira wa kuzibia ukikaa vibaya, mara nyingi dizeli haivuji nje wakati injini inafanya kazi, bali upepo huingia ndani. Sakafu hubaki kavu, mwenye gari akaridhika, kisha usiku mafuta hurudi tenki taratibu na asubuhi starta huzungushwa mpaka betri inalegea. Hapo lawama hupelekwa kwenye plagi za kupasha moto, kwenye betri, hata kwenye kituo cha mafuta, ilhali kosa liko kwenye mpira wa bei ndogo.

Filta ya Kijapani inaonyesha tofauti tangu mkononi. Nyuzi zake zimekatwa safi, na inapopandishwa kwenye kichwa inazunguka kwa vidole viwili bila kukwama. Ile nyingine ilihitaji kulazimishwa mizunguko ya mwanzo, jambo linalotia hofu kwa kuwa kichwa chenyewe ni cha aluminiamu na nyuzi zake zikiharibika gharama haitakuwa tena ya filta. Mpira wa hii ya Kijapani ni mnene na umekaa imara katika mfereji wake. Nilipaka dizeli safi juu ya mpira, nikaikaza kwa mkono mpaka mpira ukagusa, kisha nikaongeza robo tatu ya mzunguko bila spana.

Sehemu ngumu ya kazi hii iko chini, si juu. Sensa ya maji iliyo kwenye kitako cha filta ya zamani lazima ihamishiwe kwenye mpya, na kwa kuwa ni ya plastiki, anayeikamata kwa koleo anaweza kuipasua. Hapa kasha la bei ya juu lilinipa kitu ambacho lile la bei nafuu halikuwa nacho: oringi mpya ya sensa, yaani mpira mdogo wa duara wa kuzibia. Ni kipande kidogo mno, lakini kurudisha oringi ya zamani iliyobapaa ni kuukaribisha upepo kwa mlango wa chini baada ya kuuzuia kwa mlango wa juu. Baada ya hapo nilibonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya kichwa mpaka ikawa ngumu, nikawasha, na injini ikashika bila kusitasita. Kesho yake asubuhi, baada ya gari kulala limeinua pua kwenye mteremko wetu wa mawe, iliwaka vilevile.

Dizeli iliyotoka kwenye filta ya zamani niliimimina kwenye chupa ya kioo na kuiacha itulie. Maji yalijitenga chini, yakiwa na tope jepesi la rangi ya kutu. Kwa magari ya Kanda ya Ziwa hilo si ajabu, hasa yanayoongezewa dizeli ya madumu huko mialoni na visiwani, au yanayolala na tenki nusu, kwani mvuke wa hewani hugeuka maji ndani yake usiku. Ndiyo maana sisubiri taa ya dashibodi inayoonya kuhusu maji. Naifungua plagi ya chini na kutoa maji mapema. Mafuta hayo machafu yasimwagwe mtaroni, maana mitaro mingi ya mjini huishia Mto Mirongo, na Mirongo huishia ziwani.

Kuhusu duka, muuzaji aliuliza aina ya injini kabla ya kugusa rafu, akaniruhusu kufungua kasha na kulinganisha nyuzi na filta ya zamani niliyokwenda nayo. Lawama yangu ni kwamba hauzi oringi ya sensa peke yake. Angeiuza, filta ya bei nafuu yenye nyuzi nzuri ingeweza kumfaa mwenye gari linalozunguka mjini tu. Kwa gari langu, ambalo huvuka Daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema na kurudi usiku, nitaendelea kulipia ile ya rafu ya juu.