Tromboni ya midomo saba: nilienda kucheka, nikaishia kuhesabu mabomba

Niseme mapema kwamba mimi ni mpiga tromboni, ala ya shaba ya kupuliza, ile ya kawaida ya kuvuta na kusukuma bomba, kwa hiyo sina macho ya mgeni. Picha za tromboni hii ya fundi wa ala Adolphe Sax nilishaziona mara nyingi, watu wakirushiana kama kichekesho: kipulizio kimoja, halafu midomo saba, yaani yale matundu mapana ya kutolea sauti, imechanua mbele kama shada la maua. Nilipopata nafasi ya kuingia kwenye makumbusho yenye ala hiyo, vinanda vyote nilivipita bila kusimama. Nilitaka kucheka kwa karibu.

Nilicheka kama dakika mbili hivi.

Kwenye picha huoni mabomba. Ukisimama mbele ya kabati ndipo unagundua kwamba ile midomo ndiyo sehemu rahisi. Nyuma yake kuna msongamano wa mabomba ya shaba yaliyokunjwa, yakapitishwa juu ya mengine, yakarudi chini, na pistoni sita katikati, yaani vitufe vya kubonyeza kwa vidole ili hewa ibadili njia. Nilichagua mdomo mmoja nikaanza kufuata bomba lake kwa kidole juu ya kioo kurudi kwenye pistoni. Nikapotea. Nikaanza tena, mlinzi akaja kunionyesha kwa ishara nisiegemee kabati. Mara ya tatu nikafika. Hapo ndipo kicheko kikaisha, maana nilielewa huyu bwana alikuwa anatibu ugonjwa gani.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Tromboni ya kuvuta ina nafasi saba za kusimamisha lile bomba. Kila ukishuka nusu-toni, ile hatua ndogo kati ya noti moja na inayoifuata, unarefusha bomba, na kadiri unavyoshuka ndivyo hatua inavyokuwa kubwa zaidi. Mkono wa mpigaji unalijua hilo bila hesabu. Pistoni za kawaida hazijui. Ziko tatu: moja inashusha nusu-toni, nyingine toni nzima, ya tatu toni moja na nusu, na kila moja imekatiwa bomba la ziada la kutosha ikibonyezwa peke yake. Zibonyeze zote tatu pamoja uone. Kwa tromboni ya kawaida, ambayo noti yake ya msingi ni B bapa na bomba lake ni karibu mita 2.7, vile vipande vitatu vikijumlishwa vinapungua kama sentimita 12 kwa urefu unaotakiwa, na noti inatoka juu kuliko inavyopaswa. Wapigaji huvumilia, hurekebisha kwa midomo yao wenyewe, na mafundi hurefusha kidogo hapa na pale ili kosa ligawanyike.

Sax hakutaka kuvumilia. Ndiye yule yule wa saksafoni, mzaliwa wa Dinant, Ubelgiji, mwaka 1814, aliyehamia Paris akaipatia saksafoni hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, mwaka 1846. Mwaka 1852 aliandikisha hataza ya mfumo wa pistoni sita zinazojitegemea: hakuna kubonyeza mbili kwa pamoja, kila pistoni inafungua njia yake iliyopimwa kwa ajili yake tu. Sita, pamoja na ile njia ya kutobonyeza kitu, ni saba. Nafasi saba za tromboni, safi, bila kuchakachua. Kufikia hapo mdomo mmoja ulitosha kabisa, na tromboni zake za namna hiyo zipo. Lakini baadaye akaendelea mbele: kama kila njia ni bomba lake, basi kila bomba lipewe na mdomo wake. Ndiyo maana ni saba. Si urembo, ni ukaidi wa fundi aliyekataa kuishia njiani.

Je, ilikuwa na haja? Kwa maoni yangu, hapana. Faida yote iko kwenye zile pistoni sita. Midomo sita ya ziada ni mzigo wa shaba. Hebu fikiria kuibeba kwenye gwaride, jua la saa saba, na kila noti inachomoka kwenye tundu lake huku vidole vya mikono yote miwili vina kazi. Sishangai kwamba tunaikuta kwenye kabati na si kwenye bendi. Sax mwenyewe aliandamwa na kesi za mafundi wenzake na akafilisika zaidi ya mara moja, na mbele ya kile kioo nilianza kupata picha fedha zilikuwa zinaenda wapi.

Malalamiko yangu ni kwa makumbusho, na sitayataja jina kwa sababu mengine yote waliyafanya vizuri. Maelezo kwenye kibao yalikuwa mistari mitatu: jina la ala, jina la mtengenezaji, na shaba. Hakuna mchoro wa kuonyesha bomba lipi linaenda mdomo upi. Baya zaidi, hakuna sauti. Filimbi za jirani zilikuwa na rekodi za kusikiliza, zumari zikawa nazo, hii ambayo kila mgeni anajiuliza inaliaje imeachwa bubu. Nilisimama pale karibu nusu saa, na wote waliopita walifanya vilevile: wanacheka, wanapiga picha, wanaondoka. Mtoto mmoja tu ndiye aliyemuuliza mama yake kama wanapuliza watu saba kwa pamoja. Swali zuri, na kibao kilishindwa kumjibu.

Ala yenyewe naipa nyota tano, maonyesho nyota mbili. Ukienda, simama upande wa kushoto wa kabati, huko taa haipigi kwenye kioo. Anza na mdomo wa chini kabisa, bomba lake ndilo lililokuwa rahisi kulifuata. Na kama ni mpigaji, jihadhari na vidole: mimi nilipogeuka kuondoka vyangu vilikuwa bado vinabonyeza hewani, na yule mlinzi alikuwa ananitazama.