Amel Super Maramu: mita 16 za chombo, mikono ya watu wawili

Watazamaji wangu, salamu. Leo nimo horini Kilifi, na chombo mnachokiona nyuma yangu, hiki cha milingoti miwili, ni Amel Super Maramu. Kimeundwa La Rochelle, Ufaransa. Aina hii ilitengenezwa kuanzia 1989 mpaka 2005, na vyombo karibu 500 vilishushwa majini. Urefu mita 16, upana mita 4.6, na chini kinazama mita 2 na kidogo, kwa hiyo nahodha wake hawezi kujisogeza kwenye mchanga kama sisi na mashua zetu.

Nimepanda na swali moja tu. Mume na mke, umri umeshasonga, wako katikati ya bahari kuu saa nane za usiku na upepo umepanda. Je, wanaweza kukishika chombo kikubwa hivi bila kumwita mtu wa tatu?

Tuanzie hapa anapokaa nahodha. Tazameni, hayuko tezi, yaani nyuma kabisa ya chombo. Yuko katikati ya chombo, chini ya paa gumu la faiba, na kioo mbele yake. Mawimbi yakivunja omo, kule mbele ya chombo, yeye yu mkavu. Sasa angalieni mkono wangu. Nabonyeza hiki kitufe… mnasikia? Hilo ni tanga la mbele linajiviringa. Nabonyeza kingine, tanga kuu linaingia ndani ya mlingoti wenyewe, kama mkeka unaokunjwa. Sijasimama. Kwenye jahazi, kazi hiyo ni mabaharia kadhaa kwenye henza, kamba ya kupandishia tanga, na mwingine kwenye demani, kamba ya kuliongozea, tena kwa kelele. Hapa upepo ukizidi unapunguza tanga kiasi unachotaka, ukiwa umekaa.

Na ule mlingoti wa nyuma, wa galme, si pambo. Upepo ukiwa mkali sana, tanga kuu unalikunja lote, unabaki na tanga dogo omo na la galme tezi. Chombo kinakaa sawa, usukani hauvutani na mkono. Mkiwa mnakwenda na upepo wa nyuma wiki nzima, kuna miti miwili imelala kwenye kingo za sitaha. Inatandazwa kulia na kushoto ikabeba matanga mawili ya mbele kwa pamoja, na yote mawili yanakunjwa kwa mtambo uleule.

Lakini siri ya chombo hiki haiko juu. Ngojeni ninyanyue hii sakafu. Huku chini ni chumba cha mashine, nashuka… nimeingia mzima mzima, nazunguka injini pande zote. Mlango wake ni huu mmoja tu, wa nje. Moshi, joto na harufu ya dizeli haviendi vyumbani. Hata maji yakiingia humu, yatabaki humu, maana kuta za mbele na nyuma zimezibwa, hazipitishi maji.

Sogezeni macho hapa, karibu na goti langu. Mnaona valvu hii? Maji ya bahari ya kupoza injini, ya kupoza jenereta na ya vyooni yote yanaingia kwa tundu hili moja, yanapita kwenye chujio hili, halafu yanagawanyika. Kila tundu kwenye ngozi ya chombo ni mahali pa kuzamia. Walioumba hiki wamefanya nahodha awe na valvu moja ya kuikimbilia gizani. Nimekaa nayo nusu saa, na kwa kweli nimeipenda.

Na maji ya kuogea, ya kuoshea vyombo? Yanateremka kwenye shimo hili hapa chini, kisha pampu inayatupa nje. Wazee wetu walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani maji yote huishia ngamani, chini kabisa ya chombo, na hapa ndivyo mabomba yalivyolazwa. Ila msidanganyike: sabuni na nywele hukusanyika humo. Usipolisugua mara kwa mara litanuka, na swichi ya pampu itakwama.

Mwanzilishi wa kiwanda, Henri Amel, macho yake yalififia mpaka akawa karibu kipofu. Hilo linanijia kila ninapotembea ndani, kwa sababu mkono hauachi kukuta pa kushika: ukingo wa meza, mbao za dari, nguzo ya jikoni. Chombo kikilala upande, huanguki.

Vyumba nitavipitia haraka: kitanda kikubwa tezi, chumba kingine omo, vyoo viwili, jiko lenye ukingo wa kukuzuia. Maji lita 1,000, dizeli 600.

Sasa kasoro. Tanga linalojikunja ndani ya mlingoti haliwi na tumbo zuri, kwa hiyo ukipiga bisho, yaani ukienda kinyume cha upepo, chombo hiki hakikati joshi, hakiukaribii upepo kama vile vya mashindano, na upepo ukilegea kinakuwa kizito. Hii sitaha inayofanana na msaji si mbao, ni faiba yenye mistari. Haivuji, lakini ukiikwaruza, kuipata rangi ileile ni shida. Na umeme ndio kila kitu: betri zikiwa mbovu, yale matanga unayazungusha kwa mkono, polepole. Anayetaka kununua cha mtumba aanze na betri na mota, godoro ataliangalia baadaye.

Lile swali langu silijibu nikiwa nimetia nanga. Kesho alfajiri maji yakijaa tunatoka, mwenye chombo na mimi, wawili tu. Kusi inavuma vizuri wiki hii. Kamera nitaiwasha tukishavuka mlango wa hori, pale mawimbi yanapoanza.