Kruza ya mtumba: fungua kifuniko cha tangi kwanza

Malalamiko ya wanaonunua kruza za mtindo wa zamani, zile pikipiki ndefu za kiti cha chini, yanafanana. Siku ya kuuziana pikipiki iliwaka mara moja. Wiki mbili baadaye inakohoa na kuzima kila inaposimama. Kabureta inasafishwa, na mwezi hauishi tatizo limerudi. Kabureta inasingiziwa. Ugonjwa ni kutu ndani ya tangi.

Tangi la kruza limekaa kama tandiko: katikati limepanda fremu, mapaja mawili yananing'inia kushoto na kulia. Pikipiki ikilazwa miezi kadhaa na mafuta nusu, unyevu wa hewa hugeuka matone kwenye bati tupu. Maji ni mazito kuliko petroli, basi hutuama chini ya mapaja, na koki ya kutolea mafuta mara nyingi iko upande mmoja tu. Unga wa kutu laini hupenya chujio na kuziba jeti ya sailensa, ile ya kabureta inayolisha injini ikiwa imesimama bila kuvutwa, ambayo tundu lake kwa kawaida halifiki nusu milimita.

Mwambie muuzaji mapema asijaze mafuta. Anayekupokea na tangi lililojaa hadi mdomoni si mkarimu, anaficha. Mulika kwa tochi mapaja yote mawili huku ukiilaza pikipiki huku na huku. Kisha chota nusu lita kupitia koki kwenye chupa angavu, subiri dakika 10: maji yatajitenga chini. Ukiona ndani kumepakwa rangi inayobambuka, achana nayo. Vipande hivyo huziba kuliko kutu yenyewe.

Chaguo letu la kwanza ni Honda Shadow Aero 750, na upendeleo hatuufichi. Injini ya cc 745 inapozwa kwa maji, gurudumu linaendeshwa kwa shafti, hakuna mnyororo wa kukaza. Uliza tu meno ya shafti upande wa gurudumu la nyuma yalipakwa grisi lini. Vumbi jekundu hapo ni meno yanayolika.

Ya pili ni Suzuki Boulevard C50, cc 805, nayo ina shafti. Haina kabureta, lakini kutu hapa huua pampu ya mafuta, na pampu ni ghali. Kawasaki Vulcan 900 ni ya tatu: kagua mkanda wake unaozungusha gurudumu la nyuma, jiwe dogo huutoboa. Yamaha V-Star 650 ina kabureta mbili, yaani usafi mara mbili. Sportster 883 ya Harley-Davidson iliyotengenezwa kabla ya 2004 injini imefungwa moja kwa moja kwenye fremu, inatetemesha hadi meno, na bado unalipia jina.

Za cc 250? Za kujifunzia.

Halafu kuna hawa wanaopandisha bei kwa sababu ya ekzosi ya makelele. Ekzosi wazi bila kubadilisha jeti huifanya injini ichome hewa nyingi kwa mafuta machache, na mabomba hugeuka bluu karibu na silinda. Uliza ekzosi za kiwandani ziko wapi. Akisema alizitupa, toa bei ya seti nzima kwenye anachodai.