Singer kuukuu ya kukanyaga: nimeipa nyota nne

Nashonea Kariobangi, Nairobi, ambako stima ikipotea jioni wenye mashine za umeme hufunga milango. Mimi nakanyaga. Zamani nilikuwa na cherehani ya mkono. Hii ya miguu nimeinunua Gikomba kwa shilingi 15,000 pamoja na meza yake, na sasa mikono yote miwili iko huru kushika kitambaa.

Namba iliyopigwa kwenye chuma haina herufi mbele. Singer walianza kuweka herufi 1900, kwa hiyo hii ni ajuza wa karne ya kumi na tisa, na bado inapenya denimu ya mtumba iliyokunjwa mara nne bila kuruka mshono. Sindano za kawaida za Biashara Street zinaingia. Inashona mbele tu, kwa hiyo ukifika mwisho unageuza kitambaa, unarudia. Bobini ni nyembamba na ndefu, inalala ndani ya kichuma mfano wa mtumbwi. Ukiziona popote, nunua zote.

Jirani yangu anadhani lipa mdogo mdogo ililetwa na simu. Singer waliuza hivyo tangu 1856: unatoa kidogo, unaondoka na cherehani, deni unalipunguza kila mwezi mpaka liishe. Maskini naye akawa na mashine kama ya kiwandani. Habari njema, sivyo? Ila mashine ikishaingia nyumbani kwako, tajiri ana haja gani ya kukujengea kiwanda? Chicago ya miaka ya 1880 na 1890 nguo zilikatwa kwenye kampuni kubwa, dalali akabeba mafurushi mpaka vyumba vya wahamiaji wa Italia, Bohemia na Urusi, na baba, mama na watoto wakashona hadi usiku, malipo kwa kipande. Kodi na mwanga juu yao.

Shati la mwanamume lililokula saa 14 hivi kwa mkono, mashine ililimaliza kwa saa moja na kitu. Zile saa nyingine nani alizipumzika? Bei ya kipande ilishuka tu, ukabidi kushona mashati mengi zaidi. Mwaka 1893 Florence Kelley, mtetezi wa wafanyakazi, na wenzake walipata sheria ya Illinois, jimbo lenye Chicago, kwamba mwanamke kiwandani asizidi saa 8 kwa siku, naye Kelley akawa mkaguzi mkuu wa viwanda. Wenye viwanda wakaenda kortini, na 1895 Mahakama ya Juu ya jimbo ikakifuta kifungu hicho.

Nayasoma haya nikicheka kwa uchungu. Shule zikikaribia kufunguliwa Januari, mwenye tenda ya yunifomu huniletea sketi zilizokatwa tayari. Nilipomwambia nimepata mashine yenye kasi, neno lake la kwanza lilikuwa: "Basi mama, si utanipunguzia?" Sikumpunguzia. Akapeleka nusu ya furushi kwa mwingine.

Kwa mashine yenyewe sina lawama. Nyota moja nimemnyima muuzaji. Mkanda wa ngozi alioapa ni mpya ulikuwa umeungwa kwa waya, ukakatika kwenye sketi ya pili. Ukienda kwake, mwambie akae akanyage yeye mwenyewe, tena kwa muda, kabla hujafungua pochi.