199 dhidi ya uzushi wa magonjwa: inafaa wapi, inakwama wapi

Namba 199 ni ya Wizara ya Afya na inapigwa bure, hivyo asiye na bando wala simu janja anaitumia sawa na mwenye navyo. Kwa hilo tu ilistahili kubandikwa kwenye kila duka la dawa Dar es Salaam. Hapa inapimwa kwa kazi moja: mlipuko umetokea, makundi ya WhatsApp yamefurika tiba, je, inasaidia kuchuja?

Swali la mwili inaliweza. Wakati wa macho mekundu, Januari 2024, watu walishauriana kuosha macho kwa maji ya majani ya chai, maziwa ya mama, hata mkojo. Ugonjwa ule ni wa virusi. Vitu hivyo havivigusi, na vinaweza kuingiza bakteria kwenye jicho ambalo tayari limeumia. Simu inaishinda redio hapa kwa sababu mtu anaweza kuuliza, "Nimeshaweka, nifanyeje sasa?"

Ila usiulize "Eti ni kweli?" Soma ujumbe wenyewe, neno kwa neno, na utaje kipimo. Tuseme kuna kipindupindu na ujumbe unasema pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ikorogwe kwenye chupa ya nusu lita. Uliza: pakiti ya gramu 20.5 inataka maji kiasi gani? Jibu ni lita 1 ya maji safi na salama. Maji yakiwa nusu, chumvi na sukari huzidi, huvuta maji ya mwili kuingia kwenye utumbo, na kuharisha huongezeka. Mtoto mdogo ndiye huumia zaidi. Uzushi wa aina hii unatutisha kuliko uongo mtupu, maana dawa ni ya kweli na kilichoharibika ni namba moja.

Picha ni habari nyingine, kwa kuwa mtu wa upande wa pili haioni. Ipitishe Google Lens, zana ya kutafuta picha ilikowahi kutokea mtandaoni. Ikiwa ilishachapishwa miaka ya nyuma au nchi nyingine, umemaliza. Video isimamishe penye bango au sare, piga picha ya skrini, kisha tafuta. JamiiCheck na Nukta Fakti, wahakiki wa habari, huandika kwa Kiswahili, na kiungo cha uhakiki wao kinarudishwa kwenye kundi lilelile. Jibu la 199 hubaki sikioni mwa aliyepiga, kwa hiyo liandike papo hapo, mistari mitatu, na tarehe.

Zipo pia siku ambazo jibu lenyewe halijapatikana. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa taarifa ya watu wanaoshukiwa kuugua Marburg, homa kali ya virusi, mkoani Kagera; Wizara ikasema sampuli hazikuonyesha virusi; tarehe 20 Rais Samia akatangaza mgonjwa aliyethibitishwa. Katika siku hizo sita, neno sahihi kwa gazeti na kwa kundi la familia lilikuwa "anashukiwa". 199 haiwezi kuitangulia maabara. Siku kama hizo piga kuuliza dalili na pa kwenda, si idadi ya wagonjwa.