Nilienda kwa ajili ya mifupa, kilichotangulia kupona ni usingizi

Karatasi ya kipimo cha uzito wa mifupa ilisema -2.1 kwenye uti wa mgongo na -1.7 kwenye nyonga. Nilikuwa na miaka 53, hedhi ilikuwa imekoma miaka mitatu nyuma, na nilipoona namba hasi nikajua nimekwisha. Daktari akanieleza taratibu: -1 kwenda juu ni kawaida, kati ya hapo na -2.5 mifupa imepungua uzito lakini bado si ugonjwa wenyewe, ikifika -2.5 au ikashuka zaidi ndipo wanaita osteoporosisi. Nilikuwa katikati, ila nimeegemea upande mbaya. Akaniandikia vitamini D, akasisitiza kalsiamu kwenye chakula na mazoezi ya kubeba uzito wa mwili.

Yoga hakuitaja. Niliitafuta mwenyewe kwa sababu vyuma vinanitisha, na kwa sababu siku zile nilikuwa silali. Saa tisa usiku nashtuka, moyo unadunda, nabaki macho nikipanga na kupangua matatizo hadi kunakucha.

Nilianza vibaya. Niliingia darasa la kawaida la kikundi, tukaambiwa tukae, tunyooshe miguu, tushike vidole vya miguu. Sikufika. Mwalimu akaja nyuma yangu akanisukuma mgongoni, kwa nia njema kabisa, nikasikia kitu kimevuta chini ya bega la kulia. Siku nne nilikuwa siwezi kujigeuza kitandani. Eksirei ilionyesha hakuna pingili iliyobonyea, ni misuli tu, lakini daktari alikasirika kuliko mimi. Kumbe mwenye mifupa dhaifu hatakiwi kuukunja mgongo mbele kwa nguvu, maana mzigo wote unaelemea upande wa mbele wa pingili, na hapo ndipo zinapobonyea. Mimi sikuwa nimemwambia mwalimu chochote, na yeye hakuwa ameniuliza.

Tiba ya yoga niliyokwenda baadaye ni kitu kingine. Mnakuwa wawili tu, wewe na mkufunzi. Kikao cha kwanza kilikuwa cha dakika 75, na mkeka sikuukanyaga mpaka karibu na mwisho. "Mama, kabla hujavua viatu, naomba nione majibu ya kipimo," ndivyo alivyonipokea yule kijana. Akasoma, akauliza dawa ninazotumia, kama nimewahi kumeza steroidi kwa muda mrefu (hizo hudhoofisha mifupa), kama mama yangu aliwahi kuvunjika nyonga, na mwaka ule nimeanguka mara ngapi. Nikasema mara mbili. Akaandika, akapigia mstari. "Basi tuanze na kuanguka, mama. Mifupa itafuata." Nilitoka pale nikijiuliza kama nimelipia mahojiano.

Kikao cha pili kizima tulifundishana kuinama. Alichukua mti wa ufagio akauweka wima mgongoni kwangu, uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa chini kabisa wa mgongo. Kisha akasema niiname bila sehemu hata moja kuachana na ule mti. Jaribu uone. Mara ya kwanza mti uliniacha kisogoni kabla sijafika popote. Siri ni kusukuma makalio nyuma na kulegeza magoti, nyonga ndiyo ijikunje, mgongo ubaki kama ulivyo. Nilikuwa na miaka zaidi ya 50 na sijui kuokota kitu sakafuni. Hilo peke yake, kwa maoni yangu, ndilo lenye thamani kubwa kuliko mengine yote niliyopewa, maana silifanyi mara moja kwa wiki. Nalifanya kila ninapofunga viatu.

Mikao yenyewe ni ya kawaida: mti, shujaa wa pili, daraja, na nzige, ule wa kulala kifudifudi na kuinua kifua. Kila mmoja sekunde 30. Ile ya kukunja mgongo mbele, kujisokota hadi mwisho, na ya kusimamia kichwa ilifutwa yote. Mkao wa mti niliuanza kidole kimoja kikiwa ukutani, na nilikuwa natetemeka kifundo cha mguu kama jani. Sasa napiga mswaki kwa mguu mmoja. Mara ya mwisho kuanguka ni kabla ya kuanza.

Usingizi ulirudi kwenye wiki ya tano au ya sita, kabla sijaona mabadiliko mengine yoyote. Tulikuwa tunamaliza kila kikao kwa kulala chali, miguu juu ya kiti, tukivuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa 6, baadaye 8. Pumzi ya kutoka ikirefuka, moyo nao hupunguza mwendo. Saa tisa usiku bado nashtuka siku nyingine, ila sasa nina la kufanya, na mara nyingi sifiki pumzi ya ishirini. Mkufunzi alinieleza pia kwamba kotisoli, homoni ya msongo, ikikaa juu muda mrefu haiipendi mifupa. Lakini nisingeenda kupunguza wasiwasi kwa ajili ya mifupa. Kulala kunatosha.

Na kipimo? Baada ya miaka miwili: mgongo -2.0, nyonga -1.7 vilevile. Nilishangilia, daktari akanituliza: tofauti ndogo namna hiyo mashine yenyewe inaweza kuileta. Alichofurahia yeye ni kwamba sikushuka, kwa kuwa miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma ndiyo ambayo mifupa hupungua kwa kasi. Halafu natembea kila siku na sijaacha vitamini D, kwa hiyo sifa zote siwezi kuipa yoga.

Ndiyo maana tangazo la hapo ninapofanyia tiba ya yoga linaniudhi. Linasema yoga "inajenga mifupa upya", na msingi wa maneno hayo ni utafiti wa daktari Loren Fishman wa Marekani, uliochapishwa 2016, wa mikao 12 kwa takriban dakika 12 kwa siku. Nimeusoma. Walijiandikisha watu 741, waliofuata vizuri ni 227, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Unatia moyo, lakini kutoka hapo hadi kwenye lile tangazo ni mbali.

Manung'uniko mengine ni madogo. Rekodi za kufanyia nyumbani zina sauti hafifu, na vikao viwili viliahirishwa nikiwa nimeshafika mlangoni. Vikao vya kila wiki niliviacha baada ya miezi minne. Sasa naenda mara moja kwa mwezi, anirekebishe nilipoharibu. Mwezi uliopita alileta tena ule mti wa ufagio. Uliniacha kisogoni.